Namba Thelathini na Mbili Inaendelea Vizuri

Asubuhi Kahambu aliosha mizizi kwenye uwanja wa nyumba yake huko Mabanga, mtaa wa Goma, juu ya jiwe jeusi la volkano ambalo nyayo za watu zilikuwa zimelisugua hadi likawa laini. Maji aliyamimina kidogo kidogo kutoka kwenye kidumu cha njano, maana bomba la mtaa siku hizo lilikuwa likikohoa tu. Alitoa udongo kwa brashi ya kufulia, akakata ncha, kisha akauinua mzizi hadi karibu na mdomo na kuutajia jina la mgonjwa. Alitaja jina lote, na jina la mama yake, na mahali anapolala. Hapo mzizi ulitoka jasho. Usipotoka jasho, maana yake haukusikia, na Kahambu alirudia kwa sauti kubwa kidogo, kama mtu anayesalimiana na mkwe wake aliye ng'ambo ya barabara.

Majirani walilizoea jambo hilo. Pikipiki zikipita zikipiga honi, mama muuza makaa wa nyumba ya pili aliwafokea madereva: "Munyamaze kidogo, dawa iko inasikiliza!" Nao walinyamaza, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na mtu aliyewahi kutajwa pale.

Mzizi husikia mara moja tu. Ukishaambiwa jina, hauambiwi lingine, na dawa huenda ilikotumwa. Kambere, fundi wa simu wa Majengo, aliwahi kuja na ugonjwa ambao hakutaka mke wake aujue, akatoa jina la kaka yake aliyekuwa Butembo. Alikunywa dawa yote na akabaki na ugonjwa wake. Kaka yake, ambaye tumbo lilimsumbua tangu ujana, alipiga simu kutoka Butembo kusema amepona, na kuuliza amshukuru nani. Kambere alimwambia amshukuru Mungu.

Daktari Janvier Kasereka alifika kwa Kahambu mwaka ambao kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya ilijaa hadi mahema yakaja kusimama barabarani. Alikuja na gari jeupe la mradi wa utafiti, pamoja na mwenzake kutoka Ulaya, mwanamke mwembamba ambaye kila mtu alimwita Madame. Kahambu alimtambua Janvier mara moja. Alikuwa amemtibu homa alipokuwa mtoto, na mzizi wa siku hiyo ulitoka jasho hadi ukalowesha kitenge chake. Alimletea kiti kizuri.

Kambini kulikuwa na homa ya vipele. Iliwashika watoto, ikawajaza vidonda mdomoni, wakashindwa kula. Watoto wa Mabanga waliokunywa dawa ya Kahambu walipona, na habari ilikuwa imefika ofisini kwa Janvier. Alitaka dawa ipimwe vizuri, kwa njia ambayo hakuna mtu popote duniani angeweza kuikataa, ili siku moja itolewe katika kila kituo cha afya. Kahambu alilitaka jambo hilo kuliko Janvier. Zamani kidogo, mlinzi wa hospitali moja alimfukuza kando ya kitanda cha mtoto akimwita mchawi, na mtoto akafa wakati yeye amesimama nje ya ukuta na mzizi mkononi, jasho likidondoka. Kitu hicho kilimuuma na hakikuacha kumuuma.

Madame hakuwa mtu wa kucheka huku akitazama saa. Aliuliza maswali mazuri. Aliligusa jasho, akalipima, akaandika kwamba lipo. Kitu kimoja tu hakikuwezekana, nacho kilikuwa majina. Katika utafiti, alisema, mgonjwa hana jina. Ana namba, iliyochapwa kwenye bangili ya plastiki, na jina lake linafungiwa mahali ambapo hakuna mtu wa kulifikia.

Si kwamba sheria hiyo ilikuwa ya kipumbavu. Ndani ya hema la mradi, Nyiransengimana, mama kutoka upande wa Rutshuru, aliipokea bangili ya mtoto wake Gisubizo kwa mikono miwili. Kule kwao watu wenye bunduki walikuja nyumbani wakimuita mume wake, Théoneste, kwa jina lake lote. Théoneste aliitika, akatoka, na hakurudi.

"Mama, kwetu jina inaua batu," alimwambia Kahambu. "Bamupatie mutoto namba. Namba haina kabila."

Kahambu alimsaidia kuifunga bangili, lakini mzizi bado ulitaka jina. Janvier ndiye aliyempa njia ya kupita.

"Mama, na sisi Banande, si tunaitwaka kwa kuhesabu?" alisema. "Mimi niko Kasereka juu mama yangu alinizala kijana wa tatu. Mutu akisema Kasereka, amesema tatu. Ile nayo si namba?"

Kahambu alifikiri. Hata jina lake mwenyewe lilikuwa nafasi yake katika mstari wa mabinti wa mama yake, na miaka yote hiyo hakuwahi kulitazama hivyo. Alicheka, akasema watoto waliosoma wana maneno, na akakubali. Kosa liliingia hapo, na liliingia kwa adabu, limevua viatu mlangoni.

Mzizi wa kwanza aliouambia namba ulikaa kimya kidogo. Kisha ukatoka jasho, tena jingi kuliko kawaida, lenye harufu ya plastiki mpya. Madame alipiga makofi. Janvier alimkumbatia Kahambu mbele ya watu wote, na Kahambu aliona fahari ambayo hakuwa ameionja tangu siku ya kufukuzwa pale hospitalini. Mizizi yote ya msimu ule, iliyochimbwa kwenye miteremko ya volkano ya Nyiragongo, aliutolea mradi. Bangili zilikuwa zimekwisha kuchapwa, kwa hiyo kila mzizi uliambiwa namba yake mapema, ukatiwa kwenye pakiti, na ukakaa kumngojea mtoto. Wiki hiyo hiyo watu wenye bunduki wakafunga njia ya mlimani.

Muda si mrefu namba zikaanza kupona.

Muuguzi Cibalonza aliliona kwanza. Bangili zilizokuwa zimechubuka kwa vumbi la mawe ziling'aa. Wino ulikolea. Tarakimu zilizokuwa nyembamba zilinenepa, na zile zenye tumbo, kama sita na nane, zilipata tumbo zaidi. Kipima joto kikiwekwa kwapani mwa mtoto kilisoma joto la namba, na joto la namba lilikuwa la kawaida. Mizani ilitoa uzito wa namba, na namba zilikuwa zinaongezeka. Cibalonza alitangaza "Homa imeshuka" huku kiganja chake kikiungua kwenye paji la uso la mtoto. Aliandika alichosoma, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyofundishwa, na aliifanya bila kukosea.

Gisubizo alikufa asubuhi, kipima joto kikiwa kwapani, kikionyesha afya njema. Bangili yake ilikuwa inapendeza kuitazama. Haikuwezekana kuandika kwamba amekufa, maana namba yake ilikuwa hai na ilikuwa imeongeza uzito, basi iliandikwa kwamba mtoto amehama. Watu wa kambi huhama sana, na neno hilo lilikuwepo tayari kwenye mashine.

"Hajahama," alisema Nyiransengimana. "Niko naye hapa kwa mugongo."

Walimsaidia kumfungua mtoto mgongoni.

Kahambu alimwendea Janvier akamwambia kwamba dawa imekwenda ilikotumwa, inaponya namba. Janvier alisema ameona. Alikuwa amemwambia Madame, na Madame naye alikuwa ameona, na alikuwa amelia ndani ya gari. Lakini macho hayakuwa kipimo kilichokubaliwa katika utafiti ule. Ili majina yatajwe ilibidi kamati itoe ruhusa, na ombi lilikuwa limekwisha kupelekwa, na kamati ingekaa. Zaidi ya hayo matokeo yalikuwa mazuri sana. Madame hakuwahi kuona matokeo mazuri namna ile, na utafiti unaokwenda vizuri kiasi hicho hausimamishwi kwa urahisi.

"Mama, unisamehe," alisema Janvier. Alilisema kwa dhati. Kahambu alimjua tangu utotoni mwake na alimwamini.

Halafu akaugua Charline.

Charline alikuwa mtoto wa Kaswera, na Kaswera alikuwa binti wa Kahambu, aliyeolewa Kiwanja. Vita vilipofika huko, Kaswera alikimbia na mtoto, na mume wake Sikuli akabaki nyuma kutafuta mbuzi. Bado hajafika. Kaswera alikataa kuhamia kwa mama yake Mabanga, kwa sababu Sikuli alikuwa ameambiwa watakutana Kanyaruchinya, na mtu akitafutwa anatakiwa akutwe pale aliposema. Alikaa kwenye hema na mtoto, akingoja. Siku aliyomleta Charline kwa bibi yake, mtoto alikuwa hawezi kufunga mdomo kwa sababu ya vidonda.

"Koko," alisema Charline, kama watoto wa kule wanavyowaita bibi zao, na hakuweza kusema zaidi.

Nyumbani hapakuwa na mzizi hata mmoja. Kahambu alimtuma Ntirenganya, mchimbaji wake wa dawa, apande mlima kwa njia ya pembeni. Ntirenganya alirudishwa kwenye kizuizi, akarudi mikono mitupu na jino limevunjika, akaomba radhi kwa vyote viwili. Mizizi iliyobaki Goma nzima ilikuwa ile ya kwenye hema la mradi, na yote ilikuwa imekwisha kuambiwa.

Kahambu alikaa kwenye jiwe lake akafikiri. Dawa haikuwa imeharibika. Ilikuwa nzuri kama siku zote na ilikuwa inafika ilikotumwa. Kama dawa haiwezi kumfuata mtoto kwa jina lake, basi mtoto aitwe kwa jina ambalo dawa inalijua. Watu hubadilishwa majina wakibatizwa, wakiolewa, wakiingia utawa. Akamwambia Kaswera ambebe mtoto, wakapanda pikipiki hadi Kanyaruchinya.

Pakiti iliyofuata ilikuwa namba thelathini na mbili, au kama walivyoisema pale hemani kwa Kifaransa, Trente-deux. Cibalonza alimfunga Charline bangili, akamnywesha dawa kwa kijiko. Kahambu alikaa upande mmoja wa mkeka na Kaswera upande wa pili.

"Trente-deux," aliita Kahambu.

Mtoto hakugeuka.

"Muite weye," Kahambu alimwambia binti yake. "Sauti yako anaijua."

"Trente-deux," aliita Kaswera. "Trente-deux ya mama."

Charline alifungua macho. Alimtazama mama yake kwa muda, kisha uso ukamlainika, kama mtu aliyekumbuka kitu.

Njia nzima kutoka Kiwanja, Kaswera alikuwa amemfundisha mtoto yule jina lake. Kila mama aliyekuwa barabarani alifanya hivyo, kwa sababu watoto hupotea kwenye makundi, na mtoto asiyejua kujitaja huchukuliwa na yeyote. Alimfundisha jina lake, la mama, la baba, na la mahali. Alimfundisha kwamba mtu akimwita kwa jina lingine asimfuate, hata akiwa na sauti tamu. Na kila walipopumzika alimjaribu. Alimwita Sylvie, alimwita Mukamugema, alimwita kwa majina ya kila aina, na mtoto akikataa, akijitaja sawasawa bila kukosea, alipewa biskuti.

"Hapana," alisema Charline kwa mdomo wake wenye vidonda. "Miye ni Charline. Mutoto ya Kaswera na Papa Sikuli. Ya Kiwanja."

Na akatazama mkono wa mama yake.

Kaswera alimweleza kwamba leo si kujaribu. Alimweleza kwamba leo anaruhusiwa, ni mama mwenyewe anayemruhusu, aitike tu mara moja. Charline alisikiliza kwa makini. Yale maneno nayo aliwahi kuyasikia njiani, kwa sababu Kaswera alikuwa mwalimu mkali na alikuwa ametega mitego ya kila namna. Mtoto akatikisa kichwa. Kahambu alimbembeleza, alimwimbia, mwishowe alimgombeza, yeye ambaye hakuwahi kumgombeza mjukuu yeyote. Akamwambia Kaswera aende akanunue biskuti, ampe kwa kuitika. Kaswera alikimbia hadi kwenye meza za wauzaji akarudi na pakiti nzima.

"Trente-deux," alisema, akiishika biskuti mahali ambapo mtoto angeiona.

"Miye ni Charline," alisema mtoto. Akainyooshea mkono, maana alikuwa ameshinda.

Kaswera alimpa. Angefanya nini? Charline hakuweza kuitafuna. Aliishika tu, akalala nayo. Kwa siku zilizofuata walimwita namba, na yeye akajibu kwa jina lake, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, hadi ikawa midomo tu inayojongea, lakini haikukosea. Alikufa mchana, watu wakipanga foleni ya maji nje ya hema. Bangili iling'aa sana hivi kwamba Cibalonza alilazimika kuifunika kwa kitambaa ili aweze kumfumba macho.

Iliandikwa kwamba amehama.

Walimzika kwenye ardhi ya mawe, ambako kaburi halichimbwi bali hupasuliwa, na wanaume wa mtaa walipokezana nyundo tangu asubuhi. Kahambu alitaka kulia akashindwa. Alikuwa ameuambia mzizi ule namba yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, neno kwa neno, na ulikuwa umemtii. Kaswera alimpita kando ya kaburi bila kumtazama. Hakusema na mama yake siku hiyo, wala wiki hiyo, wala mwezi uliofuata.

Kahambu aliwaambia watu wa mradi kwamba hatasema tena namba kwa mizizi. Janvier alisema anaelewa. Madame naye alielewa, akampa mkono wa pole na kuushikilia kwa muda mrefu. Hawakuwa wakimhitaji sana. Sauti yake ilikuwa imerekodiwa na kuhifadhiwa, kama ilivyo kawaida ya utafiti, na fundi mmoja alikuwa ameikata na kuiunga hadi ikaweza kutaja namba yoyote. Njia ya mlimani ilipofunguliwa waliletewa mizizi mipya, wakaiweka mbele ya spika, na mizizi ilitoka jasho. Kamati iliyoombwa ruhusa ya majina ilikaa, ikasoma matokeo, ikaona hakuna sababu ya kubadilisha kitu kinachofanya kazi.

Mwanzo wa mwaka uliofuata mji ulitekwa, ukapata wakubwa wengine. Risasi zilipigwa, maiti zikaokotwa, kisha watu wa Kanyaruchinya wakaambiwa warudi makwao na mahema yakang'olewa. Kaswera alikwenda kukaa kwa rafiki huko Majengo. Kila Ijumaa alivaa kitenge chake cha misa, akatembea hadi ofisi ya mradi, na kuomba kumuona mtoto.

Siku ya kwanza mlinzi alimwita Cibalonza, na Cibalonza akamwekea kiti mbele ya skrini. Namba thelathini na mbili ilikuwa pale kwenye safu yake. Ilikuwa na joto la kawaida na uzito uliopanda. Hata siku za risasi haikupoteza kitu.

"Anakula?" aliuliza Kaswera.

"Anakula, mama. Muzuri."

"Na kukohoa?"

"Hakohoi."

Alikaa akiitazama hadi saa ya kufunga ofisi. Ijumaa iliyofuata alirudi, na nyingine. Siku ya baridi alileta sweta, akauliza kama kule ndani hakuna upepo. Wafanyakazi walimzoea. Waliacha kushusha sauti akiingia, na mtu akitaka kupita na kikombe cha chai alimwomba asogeze miguu. Janvier peke yake ndiye aliyekuwa na kazi nje ya mji kila Ijumaa.

Halafu mtoto wa jirani mmoja wa Majengo alikuja Mabanga na maneno ya Kaswera, ya kwanza tangu mazishi: "Umuambie mama akuye amuone."

Kahambu alikwenda. Alikaa kwenye kiti walichomwongezea. Nyuma ya ukuta, katika chumba cha mizizi, alisikia sauti yake mwenyewe ikitaja namba kwa utulivu, moja baada ya nyingine, na haikuwa na haraka wala huzuni. Kaswera hakuonekana kuisikia.

"Ni ule," alisema Kaswera, akionyesha kwa kidole. "Umuite."

"Charline," alisema Kahambu.

Kwenye skrini hakuna kilichojongea. Aliita tena, akaongeza jina la mama, na la baba, na Kiwanja.

"Hapana vile," alisema Kaswera kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto. "Umuite vile uliambiaka muzizi."

Kahambu aliinama hadi mdomo ukakaribia kioo.

"Trente-deux," alisema.

Namba ilikolea. Ilitoka kwenye safu yake, ikaja mbele ikiwa nene na nyeusi, ikasimama usawa wa mdomo wake, na kioo kikapata ukungu kutoka upande wa ndani. Kaswera alicheka. Alimshika mama yake mkono, mkono ambao hakuwa ameugusa tangu mazishi, akaukaza.

"Unaona, mama? Anakujua."

Kahambu alisema ndiyo, anamjua, na kweli amekua. Kisha akachukua ncha ya kitenge chake akafuta ukungu kwenye kioo, kwa sababu Kaswera alikuwa bado anataka kutazama.